Mkanda Hulia kwa Niaba ya Puli

Mwezi wa 6 na wa 7, saa 12 asubuhi, mtaa mzima hujua gari la nani linawashwa. Hapa Mbeya, kuanzia Forest hadi Uyole, halikosi moja linalopiga yowe jembamba, kali, la kuamsha mbwa. Baada ya dakika mbili tatu linanyamaza na mwenyewe anaondoka zake. "Ni baridi tu hiyo." Baridi ipo kweli. Lakini mkanda wa injini ulio mzima, uliokazwa sawasawa juu ya puli nzima (gurudumu ambalo mkanda hulizungukia), haulii, hata Njombe, hata Makambako upepo ukivuma.

Siku yowe likikataa kunyamaza, mwenye gari huenda Mwanjelwa kununua mkanda mpya. Unafungwa, kimya. Wiki ya tatu kelele zimerudi, na lawama zinamwangukia muuza spea kwamba kauza feki. Feki zipo, tutazifikia. Ila mara nyingi mkanda ule hauna kosa. Umefungwa juu ya puli iliyolika, au puli yenye beringi iliyokauka, nao unalia kwa niaba yake. Mtu mwenye spana chache anaweza kuifanya kazi hii uani kwake kwa nusu siku, mradi asianze na kununua.

Mkanda tunaouzungumzia ni ule wa nje ya injini, ambao wengi huuita feni belti hata kwenye gari ambalo feni yake ni ya umeme. Unachukua mzunguko wa puli ya krenki, mhimili mkuu wa injini, na kuugawa kwa altaneta, pampu ya maji, kompresa ya AC, na kwa magari yasiyo na stering ya umeme, pampu ya pawa stering. Usiuchanganye na taimingi belti iliyofunikwa ndani. Ile ni kazi nyingine kabisa.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Kelele ni za aina tatu, na kila moja ina chanzo chake. Yowe refu linalopanda ukikanyaga mafuta, ukiwasha AC au taa kubwa, au ukikata stering hadi mwisho, ni mkanda unaoteleza. Mlio mfupi mfupi kama wa kifaranga, chwi chwi chwi, unaofuata mwendo wa injini bila kujali mzigo, ni puli ambazo hazijanyooka, yaani moja imekaa mbele au nyuma ya mwenzake au imeinama. Mkwaruzo au mvumo mzito kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali ni beringi.

Yowe la asubuhi lina maelezo yake. Usiku wa baridi betri hupungua nguvu, na kuwasha injini yenye oili nzito huimaliza zaidi. Injini ikishika tu, altaneta inaanza kuirudishia betri chaji kwa nguvu zake zote, na altaneta inayochaji sana ni nzito kuzungusha. Wakati huohuo raba ya mkanda bado ngumu na puli zina umande. Mkanda ukiwa umelegea kidogo tu, unateleza. Dakika chache baadaye betri imepata haja yake, raba imepata joto, kelele zimekwisha. Kwa hiyo baridi haileti ugonjwa, inaufichua. Ukitaka kulikagua gari unalotaka kununua, nenda kaliwashe alfajiri, si saa 8 mchana.

Kutofautisha kuteleza na kutonyooka, tumia maji. Jaza chupa ya kupulizia, injini ikiwa saileni, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, pulizia maji kidogo upande wa mkanda wenye matuta. Simama pembeni, mikono mbali. Mlio ukipotea kwa muda kisha ukarudi, puli hazijanyooka. Yowe likizidi, mkanda unateleza: umelegea, umelika, au tenshena, kile kifaa kinachoukaza, imechoka. Jaribio hili halina gharama na lina maana kuliko kubahatisha. Wapo wanaopaka mkanda sabuni ya kipande, mshumaa, au dawa ya kopo ya kunyamazisha mkanda. Kelele zitapoa, ndiyo. Kisha ule utando unanasa vumbi, na vumbi likichanganyika na kitu cha kunata linakuwa msasa unaozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Huku kwetu hilo ni baya zaidi, maana vumbi la kiangazi kwenye barabara za udongo za Rungwe lina majivu ya volkano ndani yake, laini kwa kuliangalia lakini likwaruzalo kwa kulihisi kati ya vidole.

Kufungua

Injini izimwe na ipoe, ufunguo utoke, waya hasi wa betri ufunguliwe. Hili la betri si urembo. Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe, na spana ikigusa waya mnene wa altaneta na bodi kwa pamoja, utaona cheche usizozitaka. Kanga, kitenge cha begani, mikono mirefu ya sweta na kamba za kofia za jaketi zikae mbali kila injini inapozunguka.

Kabla ya kulegeza chochote piga picha njia ya mkanda kwa simu, kisha ichore pia kwenye karatasi, kwa sababu picha ya sehemu yenye giza hudanganya. Kumbuka kanuni moja: matuta ya mkanda hukaa kwenye puli zenye mifereji, mgongo wake laini hupita kwenye puli laini. Ukikuta umeufunga kinyume, umekosea njia.

Magari madogo mengi ya Toyota hukazwa mkanda kwa kuisogeza altaneta. Kuna bolti ya chini ambayo altaneta inaning'inia juu yake, mara nyingi kichwa cha 14, na ya juu inayoifunga kwenye mkono wake, mara nyingi 12. Legeza zote mbili. Kama kuna bolti ndefu ya kukazia, ifungue hadi altaneta iingie ndani. Kama haipo, isukume kwa mkono. Magari yenye tenshena ya springi hayana haja ya hayo: unaweka spana kwenye kichwa cha tenshena, unaivuta kinyume na springi, unauchomoa mkanda kwenye puli iliyo rahisi kufikiwa, kisha unairudisha tenshena polepole. Ukiiachia ghafla unaweza kuvunja kizuizi chake, au kidole.

Mkanda ukishatoka, rudisha waya wa betri na uwashe injini kwa sekunde 20 au 30 tu, kisha izime. Usizidishe, maana pampu ya maji haizunguki. Kama kelele bado ipo, unatafuta mahali pasipo, na tatizo liko ndani ya injini. Kama imepotea, uko njiani. Ondoa tena waya hasi uendelee.

Puli moja baada ya nyingine

Hapa ndipo wengi wanapopita mbio, na hapa ndipo pa kukaa.

Zungusha kila puli kwa mkono na usikilize. Puli nzima huzunguka kimya, kwa uzito fulani mwororo wa grisi, na husimama baada ya mizunguko michache. Inayozunguka muda mrefu kama tairi la baiskeli huku ikitoa sauti kavu haina grisi tena. Watu huisifu kwa wepesi wake, kumbe ndiyo inayokufa. Inayokwaruza au kukwama kila inapofika mahali fulani, gololi zake zimelika. Kisha ishike juu na chini uitikise. Ikicheza hata kidogo, usibishane nayo. Kwenye pampu ya maji, angalia tundu dogo chini ya shingo yake. Ukiona alama nyeupe au ya rangi ya kulanti (maji ya rejeta) iliyokauka, sili imeshaanza kuvuja. Pampu hiyo inabadilishwa, haitengenezwi.

Altaneta nayo ni puli, hata kama tunaifikiria kama umeme. Magari mapya kiasi yana altaneta zenye puli ya upande mmoja: ukishika rota, yaani mhimili wake wa ndani, isizunguke, puli inapaswa kwenda huru upande mmoja na kukataa upande wa pili. Ikienda huru pande zote, au ikikataa zote, imekwisha.

Mifereji inakaguliwa kwa macho na ukucha. Safisha kwanza kwa brashi ya shaba au ya plastiki na maji ya sabuni, kausha, kisha mulika tochi. Usitumie msasa wala brashi kali ya chuma ndani ya mifereji, kwani michirizi utakayoiacha itaufyeka mkanda mpya. Kwenye puli nzima vilele kati ya mifereji vinalingana. Vilele vilivyokuwa vyembamba kama wembe, au mfereji wa pembeni uliochimbika kuliko wa kati, ni puli iliyolika. Kwenye mkanda wa umbo la V, ule mmoja mnene wa kwenye Hilux na Canter za zamani, kipimo ni rahisi zaidi. Mkanda wa V hushika kwa mbavu zake, kamwe hauketi chini. Mgongo wake unapaswa kuwa sawa na ukingo wa puli au juu yake kidogo. Ukizama, na sakafu ya mfereji ikang'aa kama sarafu, mkanda unagusa chini, na hautashika hata uukaze namna gani. Kuukaza zaidi ndiko kunakoua beringi za altaneta.

Kwa unyoofu, weka rula ya chuma au ubao ulionyooka kweli kutoka puli moja hadi nyingine. Pima hadi kwenye mfereji, si kwenye ukingo, maana kingo za puli hazilingani unene. Kosa la zaidi ya milimita 1.5 kwa kila sentimita 30 za umbali linatosha kuleta ule mlio wa kifaranga. Chanzo mara nyingi ni washa, kile kipete cha bati cha bolti, iliyosahaulika nyuma ya altaneta ilipofunguliwa mara ya mwisho, au altaneta ya gari jingine iliyolazimishwa kuingia.

Puli ya krenki ina siri yake. Nyingi zimeundwa kwa vipande viwili, kitovu cha ndani na duara la nje, katikati kuna raba ya kumeza mtikisiko. Raba ikichoka, duara la nje linateleza juu ya kitovu, na mkanda unapewa lawama. Chora mstari mmoja wa chaki au rangi kutoka kitovu hadi ukingoni, endesha siku mbili, fungua boneti. Mstari ukiwa umekatika vipande viwili visivyokutana, puli hiyo imeachana na nafsi yake. Kuitoa kunataka kifaa cha kuvutia na nguvu kubwa kwenye bolti yake, na hiyo ndiyo sehemu moja ya kazi hii ambayo ningeipeleka gereji.

Beringi ya puli ya kati

Puli ndogo zisizozungusha chochote, ya aidla (inayouongoza mkanda tu) na ya tenshena, ndizo hufa kwanza. Muuza spea atakwambia zinauzwa nzima. Puli ya plastiki, kweli, inunue nzima, kwa sababu beringi imeumbwa pamoja na plastiki na ukiigonga inapasuka. Puli ya chuma ni habari nyingine. Ondoa kifuniko cha vumbi usome namba kwenye beringi. Mara nyingi utakuta 6203, yaani tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40, unene 12. Beringi hiyo ipo kwenye pikipiki na mota ndogo za umeme, kwa hiyo duka lolote la beringi linayo, na bei yake haikaribii ya puli nzima.

Namba peke yake haitoshi. Inayofuatiwa na 2RS ina sili za raba pande zote mbili, yenye ZZ ina vifuniko vya bati. Kwa vumbi letu chukua 2RS, na kama wana iliyoandikwa C3 chukua hiyo, kwani ina nafasi kidogo ya kutanuka injini ikipata moto.

Bolti ya puli hizi wakati mwingine ina uzi wa kushoto, hasa kwenye tenshena. Ikikataa kufunguka, iangalie kwanza kabla ya kuongeza bomba kwenye spana. Puli ikitoka, ondoa pete ya kufungia kama ipo, weka puli juu ya boksi spana kubwa linalopitisha beringi, na uisukume beringi itoke kwa jiliwa au kwa nyundo na boksi dogo. Mpya ilaze kwenye friza saa moja, puli itumbukize kwenye maji ya moto na uikaushe vizuri. Beringi itaingia kwa kusukumwa kidogo. Sukuma ukingo wa nje tu. Ukiigonga kwenye pete ya ndani, gololi zinaacha vishimo vidogo, na beringi mpya italia ndani ya mwezi. Ikiingia kwa kidole bila kipingamizi, nyumba yake imepanuka. Wapo wanaotoboatoboa vidoa kwa patasi ili ishike. Isipokuwa uko porini, nunua puli.

Kuna wanaofungua sili ya beringi ya zamani na kujaza grisi. Inanyamaza, na inaweza kukufikisha nyumbani. Haiponi, kwa sababu gololi zilizokwisha kuchubuka haziotei ngozi.

Mkanda wenyewe

Sasa ndiyo uutazame. Mikanda ya raba ya zamani huonyesha uzee kwa nyufa: ukihesabu nyufa tatu au nne ndani ya sentimita mbili na nusu za tuta moja, ubadilishe. Mikanda ya sasa ya EPDM, raba ya aina nyingine, haipasuki hivyo. Inalika kama tairi, matuta yanapungua na mifereji kati yake inapanuka, huku kwa juu ikionekana mizuri. Ndiyo sababu mtu huapa kwamba mkanda wake ni mzima. Ulinganishe na mpya kwa kuutazama ubavuni. Uliolowa oili au kulanti usiuoshe ukautegemea. Rekebisha uvujaji kwanza, ndipo uweke mpya, vinginevyo unanunua mkanda wa kulowesha.

Maandishi ya mgongoni yanajieleza. 6PK1200 ni matuta 6, aina ya PK ambayo umbali wa tuta hadi tuta ni milimita 3.56, urefu milimita 1200. Maandishi yakifutika, hesabu matuta, zungusha uzi kwenye njia nzima ya puli, pima uzi. Pale altaneta inapokazwa kwa mkono, tofauti ya milimita 5 humezwa. Tenshena ya springi haivumilii sana. Usikubali mkanda wa matuta 7 uliokatwa moja kwa wembe. Ukikatwa hivyo, nyuzi za ndani zinabaki wazi pembeni na zitaanza kufumuka.

Kwa mikanda ya V kuna mtego mwingine hapa Nyanda za Juu. Maduka yanayouza spea za magari huuza pia mikanda ya mashine za kusaga na kukoboa. Ya aina ya B ina upana wa milimita 17 juu, wakati magari mengi madogo yanataka ya 13. Ya aina ya A ina upana huo wa 13 na itaingia, lakini haikutengenezwa kwa joto la ndani ya boneti wala kwa puli ndogo ya altaneta. Na injini yenye mikanda miwili sambamba, kama Canter nyingi, inabadilishiwa yote kwa pamoja, ya kampuni moja na urefu mmoja. Mpya na wa zamani wakikaa pamoja, mpya ndio unaobeba mzigo wote.

Feki unaitambua kwa maandishi yanayofutika kwa kidole chenye mate, matuta yasiyolingana kina, na harufu kali ya raba iliyochomwa. Mkanda uliotundikwa juani mbele ya duka miezi na miezi, hata kama ni orijino, uache hapo ulipo.

Kurudisha na kukaza

Valisha mkanda kwenye puli zote, malizia na ile laini. Kisha pitia kila puli kwa kidole kuhakikisha hakuna tuta lililokaa nje ya mfereji wake. Kosa la tuta moja ndilo la kawaida kuliko yote, nalo huchana mkanda mpya ndani ya kilomita chache. Zungusha injini kwa mkono, spana kwenye bolti ya krenki, mizunguko miwili kwa upande inakozungukia, uangalie tena.

Kukaza: altaneta isiyo na bolti ndefu sukuma nje kwa mpini wa nyundo, ukiegemeza kwenye sehemu nene ya nyumba yake, si kwenye mapezi membamba. Kwa dole gumba, nguvu ya kama kilo 10, katikati ya sehemu ndefu isiyo na puli, mkanda ubonyee milimita 8 hadi 10. Kama mwongozo wa gari lako unatoa kipimo kingine, fuata huo. Njia ya haraka ni kuusokota kwa vidole: ukifika robo mzunguko kwa shida, uko vizuri. Ukipita hapo kirahisi, umelegea. Ukishindwa kufika kabisa, umezidisha, na pampu ya maji italipa. Bolti yenye uzi wa milimita 8 inatosha Nm 20 hivi (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ya 10 kama Nm 40. Nyumba za altaneta ni za aluminiamu, uzi wake hautaki mabavu.

Rudisha waya wa betri, washa, acha injini izunguke robo saa ikiwa na taa na AC, zima, ipoe, pima tena. Mkanda mpya hujilaza kwenye mifereji na kulegea kidogo. Asiyerudia kipimo hiki ndiye anayesikia yowe wiki ya tatu. Rudia tena baada ya kilomita 300 hadi 500, mapema zaidi kama njia yako ni Uyole kwenda Tukuyu wakati wa mvua.

Wenye Hilux za dizeli za injini ya 2L, 3L au 5L wana sababu ya ziada ya kutosubiri. Pampu ya vakyumu inayosaidia breki imekaa mgongoni mwa altaneta. Mkanda ukikatika ukishuka mteremko wa Kitonga, utakanyaga mara chache ukiwa na nguvu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Breki bado zipo, ila zinataka mguu wako wote na gia ndogo. Kwa gari lolote, taa nyekundu ya betri ikiwaka ghafla mwendoni huku geji ya joto ikipanda, simama pale pale panapowezekana, maana pampu ya maji imesimama.

Mkanda uliotoka, kama haujachanika wala kulowa oili, usiutupe. Ukunje duara kubwa bila kuuvunja, ufunge kwenye mfuko mweusi, uuweke chini ya kiti pamoja na spana ya 12 na ya 14, na ule mchoro wa njia ya mkanda kwenye karatasi.